Mtoto hataki matunda, mboga anatema: tafuta kasoro kabla ya kutafuta kiboko

Kabla hujasema mtoto wako ana mdomo wa kuchagua, nenda jikoni ukaonje lile papai ulilomkatia. Usilambe. Tafuna, umeze. Mimi nilichelewa kufanya hivyo miaka minne mizima. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anasukuma sahani ya papai kila jioni, mimi namtolea macho, baba yake anakohoa kile kikohozi chake cha kutisha, mpaka siku moja nikala vipande alivyobakisha ili visitupwe. Vilikuwa na ladha ya tango lililoshinda juani. Papai lilichumwa changa, likageuka rangi ndani ya gunia njiani, lakini utamu haukuja, kwa sababu papai halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari likishatoka mtini. Mtoto alikuwa anasema kweli muda wote huo. Aliyekosea ni mnunuzi.

Fundi wa bodaboda akiletewa pikipiki iliyogoma kuwaka haanzi na injini. Anatikisa tangi kwanza asikie kama mafuta yamo. Na sisi tuanze hivyo hivyo. Mtoto kala nini saa moja kabla ya sahani kuwekwa mbele yake? Wewe na baba yake mnakila hicho chakula, au chenu ni chipsi za jioni na papai ni la watoto? Na hicho kitu ni cha msimu huu, au kimelazimishwa? Kesi nyingi ninazozisikia kwenye kikoba chetu hapa Tabata huishia kwenye maswali hayo. Zilizobaki ndizo hizi.

Kila tunda analikataa

Mshukiwa wa kwanza hapa ni soko. Dar matunda mengi yanapatikana karibu mwaka mzima ukiwa tayari kulipa, na huo ndio mtego wenyewe. Embe la mwezi wa tano lipo, kwa bei ya kushtua, na mara nyingi limechumwa kabla halijakomaa ili livumilie safari. Embe la Desemba limeshuka juzi kutoka Mkuranga au Rufiji, bado utomvu unang'aa kwenye kikonyo. Mtoto akianza na lile la mwezi wa tano, anajifunza kwamba embe ni kitu kichachu chenye nyuzi za kukwama menoni, na ukimletea la Desemba hataligusa. Kwake yeye embe analijua tayari.

Mimi bei ndiyo kalenda yangu. Tunda likianza kuteremka bei mpaka wauzaji wanalifuatisha na mkokoteni mlangoni kwako, basi ndio wakati wake, na ndio wakati wa kumtambulisha mtoto. Watu wengi hufanya kinyume: tunda likiwa rahisi wanaliona la kawaida, likiadimika wanalikimbilia. Matokeo yake mtoto anaonjeshwa vitu vikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, tena kwa mama aliyenuna kwa sababu ya bei.

Kwa ambaye hajazishika tarehe: mvua za vuli zikiendelea, mananasi ya Kiwangwa yanaingia kwa malori, na kabla ya Krismasi maembe yametapakaa, dodo, bolibo, sindano. Yanaendelea hadi Februari, mengine yanagusa Machi. Masika yakikatika, Mei kwenda Juni, machungwa na machenza ya Muheza yanamiminika, na mahindi mabichi yanapangwa kwenye majiko ya mkaa kila kituo cha daladala. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo ukiziona mezani Juni uliza zimetoka wapi. Septemba na kuendelea ni korosho, na pamoja nazo mabibo, lile tunda la korosho ambalo jina lake ndilo la soko letu la Mabibo. Hayavumilii safari, hivyo mjini ni nadra. Ukiwa na ndugu Mkuranga, mpeleke mtoto akayale chini ya mti na nguo ambayo huionei uchungu, maana doa lake halitoki. Ndizi na mapapai ni mwaka mzima, ila papai nalo lina siku zake nzuri na siku zake mbaya, kama nilivyokwisha kukiri.

Mshukiwa wa pili ni ukomavu. Kuna matunda yanayoendelea kuiva yakishachumwa na kuna yasiyoendelea, na wengi wetu tunayachanganya. Embe lililokomaa, ndizi na parachichi huiva nyumbani. Chungwa, nanasi, zabibu na tikiti haviongezeki utamu hata ukiviweka kabatini wiki mbili. Nanasi litalainika, litanukia, lakini sukari ni ile ile iliyotoka nayo shambani. Kwa hiyo embe gumu lililokomaa linunue bila hofu, ulivundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva. Hewa inayotoka kwenye hiyo ndizi ndiyo inayoliamsha embe. Nanasi bichi mwachie mwenyewe. Na ukikuta maembe yana rangi ya manjano sawasawa kote lakini ukinusa kwenye kikonyo hayanuki chochote, yakwepe. Kuna wanaoyaharakisha kwa kabaidi, na embe la namna hiyo ni rangi tu.

Muuzaji niliyemzoea Buguruni haniulizi nataka mangapi. Huuliza, "Shangazi, la kula leo au la keshokutwa?" Namwambia mawili ya leo, manne ya keshokutwa. Kitinda mimba wangu, ana miaka mitano, naye siku hizi kajua kazi: anaokota embe, analipeleka puani upande wa kikonyo, anafumba macho kama sheikh anayesikiliza swali gumu, kisha anasema, "Hili bado." Mara nyingine anakosea. Lakini embe alilolichagua yeye sijawahi kuona amelibakisha.

Kisa chake kingine ni cha chungwa. Alirudi chekechea na karatasi aliyopaka rangi, machungwa matatu ya rangi ya chungwa kweli kweli. Jioni nikamwekea la Muheza, ganda kijani. Akalisukuma: "Mama, hili bichi." Ikabidi nijiulize nitamweleza vipi mtoto wa miaka mitano kwamba kitabu kimechorwa kwingine. Ganda la chungwa hubadilika rangi pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha. Joto la huku halina hiyo baridi, kwa hiyo ndani linaiva na nje linabaki na kijani chake. Sikueleza. Nilichukua kisu nikalimenya kama wanavyomenya wauza machungwa wa stendi, ganda likitoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, ukabaki ule weupe mzima, nikakata kofia juu, nikampa afinye. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Ule utepe akauvaa shingoni, na machungwa ya kijani yakawa yake kuanzia siku hiyo.

Anakula embe tu, mengine hataki

Mwache. Huu si ugonjwa, ni Januari. Msimu utamkatia wenyewe, na ndipo unapotakiwa kuwa na msimamo: usikimbizane na yale ya mwisho ya bei mbaya kwa sababu tu analilia. Mwambie maembe yamekwisha, yatarudi, sasa tunasubiri machenza. Mtoto anayejua kwamba tunda lina siku zake hulingojea, na kilichongojewa hakihitaji kubembelezewa.

Mboga za majani anazitema

Hapa ndipo panaponishughulisha zaidi, kwa sababu mboga tunaipika vibaya kisha tunamlaumu anayeitema. Tazama kwanza anatema nini hasa. Fungua mkono wake, samahani lakini ndivyo ilivyo, uangalie alichokitoa mdomoni.

Kama ni uzi mrefu, tatizo ni mashina. Matembele na majani ya maboga yana ngozi ya nje inayopaswa kuvuliwa: unavunja kikonyo karibu na jani, unavuta taratibu, utando unatoka kama plasta. Aliyechambua kwa haraka huacha ule utando, na mtoto ambaye magego yake hayajakamilika hawezi kuusaga. Anatafuna, anatafuna, kinabaki kidonge mdomoni, anatema. Wakubwa tunakimeza na ugali, yeye hajui hiyo mbinu.

Kama anatema na kukunja uso, huo ni uchungu. Watoto huusikia uchungu kwa ukali kuliko sisi. Usianze na mnafu wala nyanya chungu. Anza na mchicha mchanga, matembele au majani ya maboga. Tia tui la nazi, halafu karanga siku nyingine. Nazi hapa inafanya kazi mbili: inapunguza ule ukali, na mafuta yake yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani. Bibi zetu wa Pwani walipika hivyo bila kufundishwa na mtu.

Kama anatema na kusaga meno, huo ni mchanga. Mvua ikinyesha udongo hurukia majani. Osha maji matatu, kwenye beseni pana, ukiinua mboga kutoka majini badala ya kumwaga maji ukiwa umeiacha chini. Ukimwaga, mchanga wote unarudi juu yake.

Na kama hatemi ila anaishikilia tu shavuni, onja chungu chako. Mchicha ukiuacha jikoni nusu saa unageuka uji wa kijani wenye harufu ya maji ya mtaro. Dakika tano zinautosha baada ya kitunguu na nyanya kuiva. Kisamvu pekee usikifanyie haraka hiyo: kitwangwe, kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa.

Tena, ukimpa mboga ya majani, kamulia ndimu au mwekee chungwa baadaye. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hayanyonywi kirahisi mwilini, na vitamini C huyavuta. Chai hufanya kinyume chake. Ule utaratibu wetu wa kumpa mtoto kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo uhamishe, iwe saa nzima baadaye, au uache kabisa.

Swali la mboga zimelimwa wapi nalo si la kupuuza. Bonde la Msimbazi linalisha mitaa mingi, lakini mto ule unabeba maji taka ya mji. Muulize mama wa genge kaitoa wapi. Kama hajui, hiyo ipike, usiifanye kachumbari.

Njia ambayo haijawahi kuniangusha ni ya kiroba. Nunua fungu la matembele, chambua majani upike, mashina yaliyobaki mpe mtoto ayachomeke kwenye kiroba cha udongo hapo uani. Hayahitaji ufundi. Kwa siku chache yatasinyaa utadhani yamekufa, kisha yatatoa vichipukizi. Mchicha nao, ukimwaga mbegu leo, wiki tatu hadi nne unachuma. Wa pili wangu, ambaye alikuwa akiona kijani anakimbia, alikula mchicha wake wa kwanza kwa sababu alihesabu: ulikuwa na majani kumi na mawili, akataka ayaone yote kumi na mawili kwenye sahani. Nilimpikia peke yake kwenye kikaango kidogo. Majani kumi na mawili ya mchicha yakipikwa hujaza kijiko kimoja. Alilia kwanza kwa kuona yamepungua, halafu akala.

Akiwa na mwaka mmoja alikula kila kitu, sasa ana miaka mitatu hataki hata kugusa

Hajaharibika. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hupita kipindi cha kuogopa chakula kipya, na hata kile walichokizoea kikibadilishwa umbo. Fikiria mtoto aliyeanza kutembea mwenyewe porini: kutotia mdomoni kila jani kulimwokoa. Shida ni kwamba wazazi tunakata tamaa mara ya tatu. Utafiti mwingi wa lishe ya watoto unaonyesha kwamba huenda ukahitaji kumwonjesha kitu mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Kuonja ni kipande cha ukubwa wa kucha. Hakuna haja ya bakuli.

Ladha huanza hata kabla ya hapo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake kule Philadelphia walichapisha utafiti wa akina mama waliokunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walionekana kuipokea nafaka yenye ladha ya karoti vizuri kuliko wale ambao mama zao walikunywa maji tu. Kwa hiyo dada yangu mwenye ujauzito, hilo bakuli la mlenda unalokula sasa si lako peke yako.

Sasa nije kwenye kulazimisha. Kuna watu wakisikia haya hutoa ile ya samaki mkunje angali mbichi, na wanamaanisha fimbo. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtoto alizibwa pua anyweshwe uji. Mpaka leo, nina miaka arobaini na moja, harufu ya uji wa ulezi inanifunga koo. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana mgawanyo ninaoupenda: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Ukivuka kwenye upande wake mnagombana, akivuka kwenye wako anakula biskuti. Usimhonge pia. "Maliza mchicha nikupe soda" inamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ni mshahara.

Kwangu, bamia tuko mara ya tisa. Ya nane aliishika, akaivuta ule ute, akacheka. Naihesabu.

Saa ya kula hana njaa

Rudi kwenye tangi. Fuatilia mtoto siku moja nzima ukiandika kila kinachoingia mdomoni. Duka la Mangi liko hatua ishirini kutoka mlangoni, na mia mbili ya mjomba haikosi. Biskuti saa nne, juisi ya pakiti kwenye gari la shule, barafu ya mfuko saa tisa, karanga kwa jirani. Saa moja usiku unamwekea wali, maharage na matembele, na unashangaa. Hata mimi nisingekula.

Dawa yake si kupiga marufuku duka la Mangi, hutaweza. Weka tunda katika saa ya njaa kali, ambayo kwa watoto wengi wa shule ni pale wanaposhuka kwenye gari, kabla hata ya kuvua soksi. Tikiti lililokatwa liwe limeshakaa mezani. Usiulize "utakula tunda?" Ukiuliza, umempa nafasi ya kusema hapana. Weka tu, uendelee na shughuli zako. Nyumbani kwangu sahani hiyo huisha kabla sijamaliza kusikia habari za nani kampiga nani.

Msichana wa kazi naye ashirikishwe, kwa sababu yeye ndiye anayekaa nao mchana. Nilikuwa natoa amri asubuhi, "wape matunda," nikirudi nakuta yapo. Kosa lilikuwa langu: hakuna aliyemwambia kwamba naye anaruhusiwa kula. Alikuwa anawakatia huku yeye akila andazi kwa chai, na watoto wakamfuata yeye. Siku nilipomwambia embe ni la wote, mambo yalibadilika ndani ya wiki.

Hataki tunda, anataka juisi

Juisi inashuka haraka, haitafunwi, haishibishi, na makapi yamebaki kwenye chujio. Tangu 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa. Kwa aliyekwisha kuzoea, usimkatie ghafla: punguza sukari kidogo kidogo, acha kuchuja, kisha anza kumwachia vipande ndani ya kikombe apewe na kijiko. Mwezi mmoja baadaye unampa bakuli lenye vipande na maji kidogo. Ukwaju na ubuyu wa nyumbani ni sawa, kwa sukari unayoipima wewe. Ule ubuyu wa rangi unaoacha ulimi mwekundu hadi kesho yake siuweki kwenye hesabu ya matunda.

Kwa bibi anakula, nyumbani hataki

Nenda ukakae pembeni uangalie bibi anafanya nini. Mama mkwe wangu yuko Chanika, ana mwembe mmoja na mpera mmoja, na wanangu wakienda huko wanarudi wamenenepa mashavu. Nilidhani ni hewa. Nilichokiona ni hiki: chakula kimeandaliwa kwenye sinia moja chini ya mwembe, watoto saba wamezunguka, bibi katikati. Hakuna aliyeambiwa ale. Bibi anamwambia mjukuu wake wa miaka mitano, "Mume wangu, usipowahi wenzio watamaliza," naye mume anawahi. Kisamvu kinaisha sinia ikibaki na mistari ya vidole.

Nyumbani kwangu kila mmoja alikuwa na sahani yake, mbele ya televisheni, na mimi nimesimama juu yao kama msimamizi wa mtihani. Tumenunua sinia. Siku za kazi haiwezekani, lakini Jumamosi na Jumapili tunakaa mkekani wote, na jirani akija na wake ndio vizuri zaidi.

Akila anawashwa, anachomwa au tumbo linamsumbua

Vipele pembeni mwa midomo msimu wa maembe mara nyingi vinatokana na utomvu. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na wote wana utomvu unaokera ngozi. Osha embe vizuri, limenye, usimwache mtoto akwangue ganda kwa meno. Akivimba uso au akipumua kwa shida, hayo si ya kusubiri asubuhi, nenda hospitali.

Nanasi likimchoma ulimi, ni kimeng'enya kilichomo ndani yake kinachoshambulia protini, hata zile za ulimi wake. Lililoiva sawasawa huchoma kidogo, na kulipitisha kwenye maji ya chumvi kama walivyotufundisha nyumbani kunalituliza.

Tumbo la kuharisha, uliza tunda lilikatwa wapi. Tikiti la kipande la barabarani linapoza koo, lakini hujui maji ya kisu chake. Wakati wa masika, kipindupindu kinapotajwa, nunua zima ukakate nyumbani kwa mikono iliyooshwa. Kinyume chake, choo kigumu baada ya kula mapera mengi yenye mbegu zake, hapo mpe papai na maji, na mapera yapumzike siku mbili.

Na kwa wa chini ya miaka minne: zabibu zikatwe mara nne kwa urefu, zambarau zitolewe kokwa, karanga nzima asipewe, karoti mbichi ikwanguliwe. Kukabwa hutokea kimya kimya.

Nanunua, yanaozea ndani

Kwa kawaida yamefichwa. Embe lisiloiva halikai kwenye friji, baridi inalizuia kuiva na kuliharibu ladha. Ndizi vilevile. Viweke vyote kwenye ungo mezani, urefu ambao mtoto wa miaka mitatu anafikia bila kupanda kiti. Nunua kidogo mara mbili kwa wiki, badala ya gunia la Jumamosi linalokutia hasira Alhamisi.

Umejaribu yote, bado

Basi huenda tatizo haliko jikoni. Mtoto aliyepoteza hamu ya kula vyote, hata alivyovipenda, anaweza kuwa na minyoo, malaria, mafindofindo, vidonda mdomoni au meno yanayooza. Anayelamba udongo au kutafuna mchele mbichi anaweza kuwa na upungufu wa damu. Anayetapika au kuziba koo kila akiguswa na chakula kigumu anahitaji mtu wa kumchunguza namna anavyomeza. Mara mbili kwa mwaka vituo vya afya hutoa matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kama alikosa, uliza. Na uitazame kadi ya kliniki: kama ule mstari wa uzito umelala au umeanza kushuka kwa miezi miwili mfululizo, acha kubadilisha mapishi, mbebe na kadi yake uende asubuhi, mapema, kabla foleni haijajaa.